JE, WAJUA? Ngazi ya uhai, kutoka atomi hadi nyika

Atomi, molekuli, seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe, kundi, jumuiya, mfumo ikolojia. Wengi wetu tuliikariri orodha hii shuleni, tukaijibia mtihani, tukaiacha palepale mlangoni. Leo tunaipanda upya, kipandio baada ya kipandio, tukipitia buchani, jikoni na ufukweni. Angalia jambo moja unapopanda: kila kipandio kina kazi ambayo cha chini yake hakiiwezi, na kikiharibika kitu chini, juu hawakawii kukisikia.

CHINI KABISA: ATOMI NA MOLEKULI

1. Je, wajua kuwa elementi nne tu, yaani oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni, zinachukua asilimia 96 hivi ya uzito wako? Mtu wa kilo 70 ana kaboni ya zaidi ya kilo 12, kaboni ileile iliyomo kwenye mkaa wa jikoni. Wewe na mkaa mmetoka ghala moja. Mpangilio ndio uliowatenga.

2. Je, wajua kuwa unatembea na msumari? Chuma chote kilichomo mwilini mwa mtu mzima ni gramu 3 hadi 4, kiasi cha kufua msumari mmoja mdogo. Sehemu kubwa yake imo kwenye damu. Kikipungua, unahema kabla hujafika ghorofa ya pili.

3. Chuma hicho hushikwa na himoglobini. Molekuli moja ya himoglobini hubeba molekuli nne za oksijeni kwa safari moja, na seli moja nyekundu ya damu imepakia himoglobini zipatazo milioni 270. Hakuna daladala iliyowahi kujaza namna hiyo.

4. Ukiikunjua DNA ya seli yako moja na kuinyoosha, utapata uzi wa mita 2 hivi, urefu wa mlango. Uzi huo umekunjwa ukaenea ndani ya kiini ambacho, vikipangwa 100 mstari mmoja, havifikii milimita 1.

5. Tafuna tonge la ugali dakika nzima bila kulimeza. Linaanza kuwa tamu. Kimeng'enya kilichomo kwenye mate kinaikata minyororo ya wanga na kutoa sukari. Umeziona molekuli zikifanya kazi, na maabara ilikuwa ulimi wako.

KIPANDIO CHA UHAI: SELI

6. Mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha kizibo, ambacho ni gome la mti, akakiweka chini ya hadubini. Akaona vijumba vitupu vilivyopangana, akaviita kwa neno la chumba kidogo, kama vile vya watawa. Ndilo neno lililotufikia kama "seli", na ndilo hilohilo la chumba cha mahabusu. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu. Wenyeji walikwisha kufa zamani.

7. Aliyewaona viumbe wa seli moja wakiogelea na kuwaeleza kwa kina hakuwa daktari wala profesa. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa mjini Delft, Uholanzi. Wauza vitambaa wa zama zake walikagua nyuzi kwa lenzi. Yeye alijitengenezea lenzi kali zaidi, akachungulia maji ya ziwa, baadaye ukoga wa meno yake mwenyewe. Kote alikuta vijidudu.

8. Vunja yai la kuku wa kisasa, lisilopata jogoo. Duara lote la njano ni seli moja. Hapa Kiswahili kinatutega kidogo, maana kiini cha yai si kiini cha seli. Kiini cha seli kimejificha kwenye kidoa cheupe kilicho juu ya duara hilo. Kilichobaki ni akiba ya chakula. Kwa hesabu hiyohiyo, njano ya yai la mbuni ndiyo seli kubwa kuliko zote za wanyama walio hai leo.

9. Na likiwa la kienyeji, lililopata jogoo? Siku linapotagwa, kidoa kile tayari kina maelfu ya seli. Kuku alipolitaga, kazi ilikwisha kuanza.

10. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanampa mtu mzima seli trilioni 30 hivi, na bakteria trilioni 38 hivi. Kwa vichwa, wapangaji wanamzidi mwenye nyumba. Kwa mizani, nyumba bado ni yako: bakteria wote hao kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi.

11. Katika seli zako, zaidi ya nne kati ya kila tano ni seli nyekundu za damu. Huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutoa mbadala wake, kama milioni 2 kila sekunde. Mpaka umemaliza kusoma aya hii, makumi ya milioni wameripoti kazini.

12. Seli hizo hazina kiini. Zilikitupa ili kupata nafasi zaidi ya himoglobini. Za kuku, chura na samaki zinacho. Za ngamia hazina, ila zina umbo la yai badala ya duara, nazo huvumilia bila kupasuka pale mnyama anapokunywa maji mengi kwa mkupuo baada ya kiu ndefu.

13. Je, wajua kuwa mitokondria, vinu vya nishati vilivyomo ndani ya seli zako, vilikuwa bakteria wenye maisha yao? Zamani sana walimezwa na seli kubwa, hawakusagwa, wakawekwa kazini. Bado wana DNA yao wenyewe, na kwa kawaida tunairithi kwa mama peke yake.

14. Maji yakitoka pwani ya Unguja au Mombasa, unaweza kukanyaga mwani wa jenasi ya Caulerpa. Una kitu kama mizizi, kitu kama shina, kitu kama majani. Ndani yake ukitafuta kuta za kutenganisha seli na seli, huzioni. Mwani mzima ni seli moja yenye viini vingi, na huweza kutambaa kupita mita 1. Ukubwa peke yake haupandishi kiumbe ngazi.

15. Chanda chema huvikwa pete, lakini kabla ya pete kulikuwa na vifo. Tumboni mwa mama, mkono wa mtoto huanza kama kasia, vidole vikiwa vimeunganishwa na utando. Seli za utando huo hupokea ishara, zikajivunja kwa utaratibu na kuliwa na jirani zake. Nafasi zilizoachwa ndizo zinazotenganisha vidole vyako.

16. Twiga ana neva inayotoka ubongoni, inashuka shingo nzima, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha inapanda tena shingo hiyohiyo hadi kooni. Nyuzi zake ni matawi ya seli moja moja, na safari inapita mita 4, kwenda mahali palipo jirani tu na pale ilipoanzia. Sisi nasi tunayo neva hiyo, na inazunguka vilevile.

17. Virusi havina kipandio hiki. Havina seli, havili, havikui. Ni molekuli za urithi ndani ya ganda la protini, zikisubiri kuingia kwenye seli ya mwingine na kuiamuru iwatengenezee wenzao. Vikumbuke, tutakutana navyo mwisho wa ngazi.

KIPANDIO CHA VITAMBAA: TISHU

18. Neno "tishu" asili yake ni Kifaransa, kwa maana ya kitambaa kilichofumwa. Aliyelitia mwilini ni daktari Xavier Bichat wa Paris. Alizitenganisha tishu za aina 21 kwa kisu, kwa kuchemsha, kwa tindikali na kwa macho yake tu, hadubini hakuiamini. Alifariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30. Siku hizi tishu za wanyama tunaziweka katika makundi manne: za kufunika, unganishi, za misuli na za neva.

19. Makundi hayo karibu yote yananing'inia buchani. Muuza nyama akikukatia paja la mbuzi, ile nyekundu ni misuli. Utando mweupe unaong'aa, kano inayokwama menoni, mafuta, gegedu la kwenye kiungo na mfupa wenyewe, zote ni tishu unganishi. Ule uzi mweupe, mrefu, unaopita katikati ya paja na ambao hakuna anayeuulizia, ni neva. Ngozi iliyochunwa alfajiri iliondoka na tishu ya kufunika. Hata damu iliyomwagika sakafuni ni tishu unganishi: ina seli, na ina kitu cha kuzibeba, ila kwake kitu hicho ni majimaji.

20. Acha supu ya makongoro mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeganda, ukiisukuma sufuria inatetemeka. Hiyo ni kolajeni, kamba ya protini inayoshikilia ngozi, kano na mifupa, iliyofunguka kwa moto wa saa nyingi ikawa jelatini. Karibu theluthi ya protini yote ya mwili wako ni kolajeni. Kilichogandisha supu ndicho kinachokuzuia wewe usimwagike.

21. Konea, kioo cha mbele ya jicho, haina mshipa hata mmoja wa damu. Ingekuwa nayo, ungeona ukungu. Oksijeni yake nyingi huipata moja kwa moja hewani, kupitia machozi.

22. Gegedu nalo halina mishipa ya damu, ndiyo maana mchezaji aliyeumia gegedu la goti hukaa nje msimu mzima huku aliyevunjika mfupa akirudi uwanjani. Papa amejenga mifupa yake yote kwa gegedu.

23. Seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa utumbo mdogo hubadilishwa kila siku 3 hadi 5. Tabaka la juu la ngozi huchukua kama wiki nne. Ile ngozi uliyosherehekea nayo Idi au Krismasi iliyopita imeshafagiliwa pamoja na vumbi la chumbani.

24. Sifongo wa baharini ana seli, lakini tishu za kweli hana. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo kupitia kitambaa cha hariri hadi seli zikatoka zimetengana. Ndani ya maji zikatafutana, zikashikana, zikaanza kujenga sifongo upya. Kinamama wa Jambiani, Unguja, wanaofuga sifongo kwenye kamba baharini, wanaishi kwa uwezo unaofanana na huo: sifongo wakimkata vipande, kila kipande kinakua.

KIPANDIO CHA VYUNGU: OGANI

25. Je, wajua kuwa sahani ya pilau ni somo zima la ogani za mimea? Kitunguu ulichokaanga ni majani yaliyonenepa kwa akiba, na kitunguu saumu vivyo hivyo. Tangawizi ni shina lililolala udongoni. Kiazi mviringo nacho ni shina. Yale "macho" yake ni machipukizi, ndiyo maana kikikaa sana kapuni kinachipua. Mdalasini ni gome. Karafuu ni ua lililochumwa kabla halijafunuka, na mchumaji wa Pemba anajua kuwa likishachanua thamani yake imeshuka. Pilipili manga ni tunda lililokaushwa. Bizari nyembamba, ingawa tunaiita mbegu, kitaalamu ni tunda pia. Iliki ni tunda lenye mbegu ndani. Na mchele uliokobolewa? Haufiki hata kwenye ogani. Ni tishu ya akiba, chakula alichowekewa mche mchanga ambao mashine ilikwisha kumwondoa. Umebaki mzizi, huo utaupata kwenye karoti ya kachumbari.

26. Kinachoitwa shina la mgomba si shina. Likate, utaona mapete ndani ya mapete: ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana. Shina lenyewe limo ardhini, kama tunguu, na hupandisha katikati ya majani hayo mhimili wa kubebea mkungu. Machipukizi yanayolizunguka yametoka kwenye tunguu hilohilo, kwa hiyo kichaka kizima ni mgomba mmoja uliojigawa.

27. Moyo haungoji amri ya ubongo ili udunde. Una seli zake zinazoanzisha mapigo, na mimba hufikisha wiki tatu hivi tu moyo ukaanza kazi, kabla mama wengi hawajajua kuwa wana ujauzito. Seli za moyo zikikuzwa kwenye kisahani cha maabara, kila moja hudunda kwa mwendo wake. Zikigusana, hukubaliana mwendo mmoja.

28. Rudi tena buchani. Figo la mbuzi ni laini, na umbo lake ni la haragwe. La ng'ombe lina vifundo vifundo, kama kichala. Kazi ni moja: ndani ya kila figo lako kuna vichujio vidogo vipatavyo milioni 1.

29. Daktari akiondoa hata theluthi mbili za ini lenye afya, lililobaki hukua mpaka likakaribia ukubwa wake wa awali. Ndiyo sababu mtu aliye hai anaweza kumpa mwenziwe kipande cha ini, na wote wawili wakabaki na ini la kutosha.

30. Kondo la nyuma ni ogani ya muda. Hujengwa kwa ajili ya mimba moja, sehemu kubwa ikitokana na mtoto na sehemu ikitokana na mama, hufikia uzito wa nusu kilo hivi, kisha hutoka. Hakuna ogani nyingine inayojengwa na watu wawili.

KIPANDIO CHA MAFUNDI: MIFUMO

31. Hesabu kwa madumu ya lita 20. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika, ambayo kwa siku ni madumu 360. Figo zote mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji kwa siku, madumu 9, lakini unachokitoa kama mkojo ni lita moja na kitu. Yaliyobaki hurudishwa kwenye damu. Moyo peke yake hauwezi kukusafisha, figo peke yake halina cha kuchuja. Ndiyo maana ya mfumo.

32. Pweza ana mioyo mitatu: miwili ya kupeleka damu kwenye matamvua, mmoja wa kuisambaza mwilini. Damu yake ni ya buluu, kwa kuwa inayoshika oksijeni ni shaba badala ya chuma. Na sehemu kubwa ya seli zake za neva, kama theluthi mbili, haimo kichwani, imo mikononi. Ukimwona mvuvi amekata mkono wa pweza na vikombe vyake bado vinang'ang'ania kisu, mkono huo una akili yake kidogo.

33. Mende aliyekatwa kichwa huweza kuishi siku kadhaa. Hapumui kwa mdomo, bali kwa matundu ya ubavuni yanayopeleka hewa moja kwa moja hadi kwenye tishu; damu yake haina kazi ya kubeba oksijeni. Mwisho wake huletwa na kiu.

34. Yavuyavu hana ubongo, moyo, damu wala mapafu. Ana tishu, ana wavu wa neva, na amekuwa baharini kwa zaidi ya miaka milioni 500. Vipandio alivyoviruka havijamkosesha kitu.

KIPANDIO CHETU: KIUMBE

35. Kuna mnyoo mdogo wa milimita 1 aitwaye *Caenorhabditis elegans*. Jike-dume mzima wa aina hiyo ana seli za mwili 959 kamili, 302 kati yake zikiwa za neva. Hazizidi, hazipungui. Wakati wa kukua, seli nyingine 131 huzaliwa na kufa kwa ratiba ileile. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyemchagua mnyoo huyu kwa utafiti, na mwaka 2002 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

36. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawezi kuishi peke yake. Malkia hutaga, wafanyakazi hulisha, askari hulinda, na ndani ya kichuguu wanalima kuvu inayowasagia miti waliyoileta. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo huchomoza nje kama uyoga, nasi tunaukimbilia na vikapu. Wataalamu huuliza: kiumbe ni mchwa, au ni kichuguu?

37. Swali hilohilo liulize kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kila jiwe liliwahi kuwa mji wa vinyama vidogo vilivyoungana mwili kwa mwili, kila kimoja kikihifadhi ndani ya seli zake mwani wa kukilisha. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mwani hutimuliwa na tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998 pwani yetu ilishuhudia hilo kwa kiwango kikubwa.

TUTUE HAPA: HERUFI MOJA INAVYOPANDA NGAZI

Familia nyingi za kwetu zinaijua selimundu kwa machungu. Ifuate kutoka chini.

*Molekuli.* Kwenye maagizo ya DNA ya kutengeneza himoglobini, herufi moja imebadilika. Kwa sababu hiyo, kipingili cha 6 katika mnyororo mmoja wa protini kimekuwa kingine.

*Seli.* Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, hushikana na kuwa nyuzi ngumu. Seli iliyokuwa duara laini hupinda, ikafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Badala ya siku 120, huishi siku 10 hadi 20.

*Tishu.* Seli hizo hukwama kwenye mishipa myembamba. Palipo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku akilia huku mama akimkanda kwa maji ya moto.

*Ogani.* Bandama huumizwa tena na tena, mara nyingi ikaacha kufanya kazi mtoto akiwa bado mdogo.

*Mfumo.* Bandama isipofanya kazi, kinga hudhoofika. Bakteria ambao mtoto mwingine angewashinda nyumbani, huyu humlaza wodini.

*Kundi.* Mambo yote hayo humpata aliyerithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama. Aliyeirithi upande mmoja tu, kwa kawaida haumwi, na malaria kali humpata kwa nadra zaidi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini humo mwaka 1949. Akaona kuwa wenye nakala moja ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, na ni wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake.

Ukisimama kipandio cha kiumbe, herufi hiyo ni balaa. Ukisimama kipandio cha kundi, ni ngao. Ni herufi ileile.

VIPANDIO VYA JUU: KUNDI, JUMUIYA, MFUMO IKOLOJIA

38. Mwaka 1962, nzi wang'atao waliwavamia simba wa kreta ya Ngorongoro, wakabaki simba 10 hivi. Idadi ilipanda tena, lakini kwa kuzaana wenyewe kwa wenyewe, pamoja na madume wachache walioingia kutoka nje. Kila simba mmoja mmoja anaweza kuonekana mzima. Upungufu wao unaonekana tu ukilipima kundi zima, kwa kuwa vinasaba vyao vimefanana mno.

39. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, hula mkaa. Majani anayoyapenda, yakiwemo ya mwembe na mkungu, yana sumu, na mkaa huinasa tumboni. Kwa hiyo mwembe alioupanda mtu, tanuri alilolichoma mwingine na tumbo la kima vimefungamana. Hiyo ndiyo jumuiya: viumbe wasiojuana, wanaoishi kwa kutegemeana.

40. Sasa vile virusi. Mwishoni mwa karne ya 19, sotoka, ugonjwa wa virusi, iliingia Afrika Mashariki, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Wamasai walibaki bila mifugo, na wengi wakafa kwa njaa. Katika miaka ya 1950 na 1960, ng'ombe wa kuzunguka Serengeti walichanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa, lakini ugonjwa uliwaacha, kwa kuwa walikuwa wakiupata kwa ng'ombe. Kutoka 250,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipita milioni 1 katika miaka ya 1970. Midomo ilipoongezeka, nyasi zilipungua. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulikosa cha kula. Moto ulipokosa cha kula, miche ya miti ilipata miaka ya kurefuka. Sindano iliingia begani mwa ng'ombe, miti ikaota nyikani.

41. Na chanjo iliyokuja kuing'oa sotoka duniani kote, hadi ikatangazwa kuwa imetokomezwa mwaka 2011, ilitoka wapi? Ilitoka Muguga, karibu na Nairobi, kwa kazi ya Walter Plowright na wenzake. Walivipitisha virusi kwenye seli zilizokuzwa maabarani, kizazi baada ya kizazi, hadi vikasahau namna ya kuua huku mwili wa ng'ombe ukiendelea kuvitambua. Seli hizo zilichukuliwa kwenye ogani ile tuliyoiona buchani katika namba 28, yenye vifundo kama kichala: figo la ndama.